Mtoto wa Kulelewa Akitoka, Nani Amtibu?

Ndugu wasomaji, mwezi huu twataka kuwaletea habari za sheria moja ya Marekani. Yamkini mtasema, "Mwalimu, sheria za Marekani zatuhusu nini sisi tulio huku milimani?" Twawaomba mtuvumilie hata mwisho, maana habari za sheria hiyo zilitufikia kwa barua ya ndugu yetu, na barua hiyo ikatukumbusha kosa tulilolitenda sisi wenyewe katika nyumba yetu. Hatuwezi kuisimulia habari ya mbali tukaificha ya karibu.

Basi tuanze na ya karibu. Mwaka 1998 dada yetu mkubwa alifariki, akaacha mtoto wa kiume mwenye miaka 9. Baba yake mtoto alikuwa amekwisha kufa. Tukamchukua, kwa kuwa sisi tu mjomba wake, wala hapakuwa na mtu wa kutuuliza kama twataka au hatutaki. Mtoto huyo alikuwa na kifafa. Wasomaji wa huku Mahenge wanaujua ugonjwa huo kuliko watu wengi, maana umekaa sana katika nchi yetu. Ndiyo sababu Dakta Louise Aall, mwanamke wa Norway, alianzisha kliniki ya kifafa hapa mwanzoni mwa miaka ya 1960. Mnajua pia jinsi watu walivyouogopa. Wazee walisema kwamba ugonjwa huambukiza kwa mate, kwa hiyo mwenye kifafa alipewa sahani yake peke yake, na akianguka motoni palikuwa na watu waliosita kumshika.

Katika nyumba yetu hatukufanya hivyo. Wakati ule alikaa kwetu pia mdogo wetu, binti wa mama yetu mdogo, aliyekuwa akisoma shule. Yeye ndiye aliyekula na mtoto sahani moja mbele ya majirani, na kila jioni kabla ya kulala alimpa vidonge vyake. Kazi yetu sisi ilikuwa kwenda hospitali kila mwezi kuvichukua, mwendo wa saa 3 kwa miguu. Mtoto aliyekuwa akianguka kila juma akakaa miezi mingi asianguke. Akasoma, akamaliza darasa la saba, akawa kijana mwenye mikono myepesi ya kuchonga miti.

Mwaka 2007 akatimiza miaka 18. Akasema anataka kwenda Ifakara kujifunza useremala kwa fundi mmoja. Tukafurahi. Tulimpa nauli, shuka, sufuria ndogo, na vidonge vya miezi miwili. Tukajisemea moyoni kwamba sasa ni mtu mzima, na vidonge vikiisha ataona mwenyewe la kufanya. Hatukuuliza huko aendako atavipata wapi, wala hatukumwandikia barua ya kumpa mganga wa huko, wala hatukumwekea fedha kwa ajili ya jambo hilo. Watoto wetu tuliowazaa walikuwa wakidaiwa karo, na kusema kweli tulijiona kama watu waliotua mzigo.

Mwaka 2008 tukaitwa. Vidonge vilikuwa vimekwisha muda mrefu, naye usiku mmoja alipokuwa akipika alianguka juu ya mafiga. Mkono wa kushoto uliungua, hata vidole vikashikamana. Tulipofika kitandani pake tukamwuliza kwa ukali, kama wafanyavyo watu wenye hatia, "Kwa nini hukuleta habari kwamba dawa zimekwisha?" Akajibu taratibu, "Mjomba, nilikuwa nimekwisha kutoka kwenu. Sikujua kama naweza kurudi kuomba."

Maneno hayo hatukumwambia mtu kwa miaka mingi. Twayaandika leo kwa sababu ya barua tuliyopata kutoka kwa mdogo wetu, yule aliyekuwa akimpa mtoto vidonge.

Yeye alikwenda Marekani na mumewe mwaka 2009, akapata kazi ya kuwahudumia wazee wasiojiweza. Huko wana desturi ambayo yafaa tuieleze. Ikiwa mtoto ana wazazi wasioweza kumtunza, au wanaomtesa, mahakama yaweza kuamuru aondolewe kwao, awekwe katika nyumba ya jamaa au ya watu wengine waliochunguzwa na kupewa kibali. Mlezi hupewa fedha za kila mwezi za kumtunzia mtoto, lakini mwenye dhamana ya mtoto mbele ya sheria ni serikali ya jimbo. Watoto walio katika hali hiyo katika nchi nzima ni zaidi ya 300,000. Wengi hurudi kwa wazazi wao, au huchukuliwa na jamaa, au huasiliwa na watu wapya. Lakini wako wasiopata lolote katika hayo. Hao hukaa chini ya malezi mpaka hakimu afunge faili lao, wengine wakiwa na miaka 18, wengine 21, kwa jinsi jimbo lao lilivyopanga. Kwa miaka mingi vijana waliotoka namna hiyo walikuwa kama 20,000 kila mwaka. Katika miaka ya karibu wamepungua, lakini bado ni maelfu mengi.

Mdogo wetu na mumewe waliomba kibali mwaka 2016. Mwaka 2017 afisa wa ustawi wa jamii akawapigia simu, akasema yuko msichana wa miaka 14 ambaye nyumba kadhaa zimemkataa kwa sababu ana kifafa. Mdogo wetu akamjibu, "Mleteni. Ugonjwa huo naujua tangu utoto wangu." Msichana akaletwa usiku, na nguo zake katika mfuko wa plastiki.

Sasa tueleze jambo la matibabu, maana huko si kama huku. Huko mtu akiugua hutegemea bima ya afya, na watu wengi huipata kwa mwajiri wao. Asiye na bima akilala hospitali siku chache, aweza kutoka na deni la kumsumbua miaka mingi. Kwa ajili ya maskini, serikali kuu pamoja na serikali za majimbo huendesha mpango uitwao Medicaid, ulioanzishwa mwaka 1965. Watoto walio chini ya malezi ya serikali, karibu wote, hutibiwa kwa mpango huo. Basi msichana yule alipata daktari, akapata vidonge, na mdogo wetu akampa kila jioni kama alivyofanya zamani huku kwetu.

Lakini siku ya kutoka je? Zamani mlango ulifungwa mara moja. Kijana alitimiza miaka 18, na cheti chake cha matibabu kikaisha pamoja na malezi. Nao vijana hawa si wazima kama wengine. Wengi wametoka katika nyumba za vipigo na njaa. Wana meno mabovu, wana pumu, wana hofu za usiku, na wengine hunywa dawa za kutuliza akili ambazo hazifai kukatwa ghafula. Kwa mwenye kifafa hatari yaonekana wazi zaidi, maana akiacha vidonge mara moja aweza kushikwa na kifafa mfululizo kisichokoma, na kwa hicho watu hufa.

Wakubwa wa nchi ile waliliona jambo hili polepole. Mwaka 1999 ilitungwa sheria iliyoyaruhusu majimbo kuendelea kuwatibu vijana hawa hata miaka 21, na mpango wake ukapewa jina la John Chafee, seneta wa Rhode Island, aliyefariki mwaka huohuo. Sheria iliruhusu, haikulazimisha, kwa hiyo jimbo hili lilifanya na jimbo lile halikufanya. Kisha watafiti wa Chuo Kikuu cha Chicago waliwafuata vijana zaidi ya 700 wa majimbo ya Illinois, Iowa na Wisconsin, kuanzia mwaka 2002, wakiwauliza habari zao tena na tena mpaka walipofika miaka 26. Wakaona kwamba vijana waliobaki katika malezi karibu wote walikuwa na bima, hali wengi wa wenzao waliotoka mapema hawakuwa nayo.

Ndipo ikaja sheria kubwa ya afya aliyoitia sahihi Rais Barack Obama tarehe 23 Machi 2010. Ndani yake mlikuwa na neno lililowapendeza wazazi wengi, kwamba mtoto aweza kukaa katika bima ya baba yake au mama yake mpaka atimize miaka 26. Zamani wengi walitolewa wakiwa na miaka 19, au walipomaliza chuo. Watungaji wa sheria wakaona kwamba kijana ambaye mzazi wake ni serikali hana bima ya baba ya kukaa ndani yake. Wakaandika kwamba kuanzia tarehe 1 Januari 2014, kila jimbo limpe Medicaid mpaka atimize miaka 26 kijana yeyote aliyekuwa chini ya malezi yake alipofika miaka 18, au alipofika umri wa juu zaidi ambao jimbo limeuweka, mradi wakati huo alikuwa katika mpango huo wa matibabu. Wala asiulizwe mshahara wake. Awe fukara au awe na kazi nzuri, haki ni ileile, kama mtoto wa nyumbani asivyoulizwa ana kiasi gani mfukoni kabla ya kupewa chakula.

Tuliposoma hayo katika barua tuliiweka chini, tukatoka nje kidogo. Taifa zima lilikuwa limekaa kitako likajiuliza swali ambalo sisi hatukujiuliza mwaka 2007.

Hata hivyo msidhani kwamba mambo yote yakawa mema. Katika sheria hiyo mlikuwa na upungufu, na msichana wa mdogo wetu ndiye aliyetumbukia humo. Maneno ya sheria yalimtaja kijana aliyekuwa katika malezi ya "jimbo", na yakasomwa kwa maana ya jimbo lilelile alimokulia. Akivuka mpaka kwenda jimbo la pili, hilo la pili halikulazimika kumpokea, ingawa mengine yaliomba ruhusa yakawapokea. Wasomaji, fikirini kijana anatoka Mahenge kwenda Songea kutafuta kazi, akaambiwa kwamba Songea hawamjui kwa sababu hakulelewa huko! Tena vijana hawa ndio wahamaji kuliko wengine, maana hawana shamba la baba la kuwashika mahali pamoja.

Upungufu huo ulirekebishwa kwa sheria nyingine ya tarehe 24 Oktoba 2018, iliyoyaamuru majimbo yote kuwapokea wote. Lakini ilisema kwamba amri hiyo ni kwa ajili ya wale watakaotimiza miaka 18 kuanzia tarehe 1 Januari 2023 na kuendelea. Waliotangulia waliachwa chini ya kanuni ya zamani, na wa mwisho wao hawatatimiza miaka 26 mpaka mwaka 2030 utakapokwisha.

Msichana wetu alitimiza miaka 18 mwaka 2021. Mwaka 2022 alipata kazi ya jikoni katika hoteli ya mji mmoja ulio ng'ambo ya mpaka wa jimbo. Mdogo wetu alimpikia, akamfungia vitu vyake, safari hii katika sanduku zuri na si katika mfuko wa plastiki, akamwambia aandike mara kwa mara. Kule alikokwenda alionyesha kadi yake ya matibabu, akaambiwa kwamba ni ya jimbo jingine, haifai hapo. Akaomba kadi mpya, akaambiwa kwamba kwa kuwa hakulelewa katika jimbo hilo, haki ya vijana wa malezi haimhusu. Akaomba kama maskini wa kawaida. Jimbo hilo ni miongoni mwa yale yasiyokubali kuwapa Medicaid watu wazima maskini wasio na mtoto wala ulemavu uliothibitishwa, na majimbo ya namna hiyo hata leo bado yako. Hoteli nayo haikuwapa bima watumishi wake wapya.

Akaanza kuvigawa vidonge vyake. Mahali pa viwili akanywa kimoja, kisha kimoja kwa siku mbili. Alifanya hivyo kama miezi miwili, wala hakumwambia mtu. Siku moja akaanguka jikoni, akapiga kichwa kwenye ukingo wa meza ya chuma. Wakampeleka hospitali kwa gari la wagonjwa, na alipoamka alikuwa na nyuzi 11 kichwani na hati ya deni mkononi.

Mdogo wetu na mumewe waliendesha gari usiku kucha. Twayaandika maneno yake kama alivyoyaandika: "Nikamwuliza, mwanangu, kwa nini hukunipigia simu? Akasema, mama, nilikuwa na miaka 19. Serikali ilikuwa haiwalipi tena kwa ajili yangu. Sikujua kama bado ninaruhusiwa kuomba."

Ndugu wasomaji, tulipofika neno hilo tukamwita mama wa watoto wetu tukamsomea. Naye alikumbuka. Watoto wawili, mmoja wa Mahenge na mmoja wa Marekani, ambao hawakuonana kamwe, walisema neno moja juu ya vitanda vya hospitali. Miaka 14 na bahari nzima vyawatenga, wala hawana lugha wanayoelewana. Na wote wawili walikuwa na watu ambao wangaliwapa dawa siku ileile kama wangaliambiwa.

Tangu siku hiyo tumefikiri sana, na haya ndiyo tunayoyaona. Mtoto wa kuzaliwa huomba bila kufikiri. Hurudi nyumbani akiwa na miaka 30, akafunua chungu kabla hajasalimu. Mtoto wa kulelewa huhesabu. Huhesabu alichokula, huhesabu siku alizokaa, na siku anapoambiwa "sasa wewe ni mtu mzima", hudhani hesabu imefungwa. Kwa hiyo haitoshi kwamba mlango u wazi ikiwa yeye hajaambiwa kwamba u wazi. Sheria ile ya miaka 26 kwa watoto wa malezi twaiona kuwa njema kwa sababu hii zaidi ya zote: yamwambia kijana, kwa maandishi na kwa tarehe, kwamba bado anaruhusiwa kuomba.

Lakini sheria peke yake haina miguu. Wazee wetu walisema mti hauendi ila kwa nyenzo. Msichana aliporudi katika jimbo lake haki yake ilikuwepo, lakini ni mdogo wetu aliyekwenda naye ofisini, akakaa naye kwenye benchi mpaka jina lake likaandikwa tena. Mwaka uliofuata likatokea jambo jingine. Wakati wa ugonjwa wa korona, tangu Machi 2020, majimbo hayakuwaondoa watu katika Medicaid. Kuanzia tarehe 1 Aprili 2023 uchunguzi wa majina ukarudi, na watu wengi sana wakaondolewa kwa sababu tu karatasi hazikurudishwa. Barua ya msichana ilipelekwa katika chumba alichopanga zamani. Mdogo wetu alikuwa amesikia habari hizo, akapiga simu, akangoja karibu saa nzima sikio likiwa kwenye simu, akapata karatasi, ikajazwa kabla ya siku ya mwisho. Kijana asiye na mtu wa kungoja saa nzima kwa ajili yake angaliona cheti chake kimekatika siku atakapokwenda duka la dawa.

Na tazameni upande wa pili pia. Mdogo wetu alimpenda msichana tangu mwanzo, lakini mapenzi hayakuweza kulipa deni la hospitali, wala mshahara wa mwanamke anayehudumia wazee haungetosha kununua vidonge vile na kumlipa daktari wa ubongo mwaka baada ya mwaka. Palihitajiwa sheria, tena palihitajiwa mtu. Sisi mwaka 2007 tulikuwa watu tusio na sheria wala mpango, na tulipochoka hapakuwa na kitu nyuma yetu cha kumshika kijana.

Kwa habari ya mambo ya sasa, yafaa mjue kwamba tarehe 4 Julai 2025 Marekani ilipitisha sheria mpya ambayo kuanzia mwaka 2027 itawataka watu wazima wengi walio katika Medicaid kuonyesha kwamba wanafanya kazi au jambo jingine lililokubaliwa saa 80 kila mwezi. Vijana waliotoka katika malezi wamesamehewa mpaka watimize miaka 26. Ni vema, lakini aliyesamehewa lazima ajulikane kuwa ni miongoni mwao, na hapo tena itampasa awe na mtu wa kumkumbusha asemapo dirishani, "Mimi nililelewa na jimbo."

Na hapa kwetu? Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 yasema kwamba mtoto ni yule asiyetimiza miaka 18. Mwaka 2023 Bunge letu lilipitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote, nayo ni hatua kubwa. Lakini yatima walio wengi katika vijiji vyetu hawamo katika daftari la malezi la mtu yeyote. Wamo katika nyumba za wajomba, na shangazi, na bibi. Hakimu hafungi faili lao, kwa kuwa halikufunguliwa. Twajisifu kwamba sisi hatuna tarehe ya kumtoa mtoto, tofauti na watu wa Ulaya na Marekani. Sisi twaogopa kujisifu, maana tarehe tuliyokuwa nayo haikuandikwa, lakini kijana aliisoma usoni petu.

Basi twawaomba ninyi mnaolea watoto wa ndugu, na walimu wenzetu, na ninyi mnaotunza nyumba za yatima, mambo machache tu. Kabla kijana hajaondoka, keti naye umwambie kwa maneno yaliyo wazi, mbele ya shahidi, "Ukiugua, njoo, au tuma habari. Huna siku ya mwisho." Msidhani anajua. Mwandikie katika karatasi jina la ugonjwa wake, jina la dawa na kipimo chake, maana wengi hujua rangi ya kidonge tu. Kama waweza, safiri naye mpaka mji aendako, umwonyeshe hospitali au zahanati, umjulishe kwa mganga. Ikiwa kuna bima anayoweza kuingia, mlipie mchango wa kwanza wewe, kwa kuwa mwaka wa kwanza ndio asio na kitu. Na baada ya mwezi mmoja tuma mtu amwulize, "Dawa zipo?" Swali hilo lenye maneno mawili lingaliuokoa mkono wa mpwa wetu.

Yeye yu hai. Alirudi nasi mwaka 2008 na hajaondoka kijijini. Useremala aliuacha, maana mkono wa kushoto haushiki randa, lakini huchonga mipini ya majembe akiubana mti kwa goti, na mipini yake hupendwa. Vidonge hunywa, na siku za kwenda kuvichukua sasa twaenda pamoja, mara yeye akitungoja sisi, kwa kuwa miguu yetu imekuwa mizito.

Tulimsomea barua ya mdogo wetu yote, hata neno lile la msichana. Akanyamaza kitambo, akiendelea kuchonga. Kisha akauliza, "Mjomba, huyo binti akitimiza hiyo miaka 26, atakwenda kwa nani?" Tukasema kwamba bila shaka atakwenda kwa mama yake yule aliyemlea. Akasema, "Amekwisha kuambiwa hivyo?"

Hatukuwa na jibu. Jioni ile tulimwandikia mdogo wetu, tukamtaka amwambie msichana sasa, asingoje mwaka 2029. Naye kijana akatuomba tuongeze mstari mmoja kwa ajili yake, tukauongeza: kwamba iko nyumba Mahenge ambayo mwenye kifafa hula sahani moja na wengine, na kwamba yeye pia anamsalimu.